Muulize Fundi: Diski Ipo, Mashine Inasema Haipo

Mwezi huu barua zenu zimegongana, karibu zote kilio kimoja: diski ipo, nimeishika kwa mkono, nimeichomeka, halafu mashine inaniambia haipo. Wengine ni watu wa kubadilisha SSD tu basi, wengine wameenda mbali wanakompaili fimuwea (ile programu ya ndani ya chipu inayowasha mashine) wenyewe, na hao nimewapa nafasi kubwa kwa sababu maswali yao yalininyima usingizi. Barua nimezipunguza kidogo, kuna mmoja kaandika kurasa nne na ya kwanza yote ni salamu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina desktopu ya zamani ya 2012 hivi, nimenunua SSD ya NVMe na adapta yake ya kuchomeka kwenye sloti ya PCIe. Nikiweka flashi ya Windows, instola inaiona vizuri kabisa, inainstoli mpaka mwisho, ikirestati tu inarudi skrini nyeusi kama hamna kitu. Nimerudia mara tatu. Muuzaji anasema SSD nzima, mi nasema mbovu. Nani mkweli? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Muuzaji ndo mkweli, kamuombe radhi.

Iko hivi ndugu yangu. Instola inaiona diski kwa sababu imekuja na draiva yake mwenyewe, yaani kiprogramu cha kuongea na diski, imeibeba kwenye flashi. Ukizima na kuwasha, ile Windows uliyoinstoli bado iko ndani ya diski imelala, kilicho macho pale ni kiprogramu kidogo kilichoandikwa kwenye chipu ya mazabodi, BIOS au UEFI, na hicho ndicho kinatakiwa kikaisome diski kikaiamshe Windows. Sasa kama chenyewe hakina draiva ya NVMe, ile lugha ya kuongea na SSD kupitia PCIe, kitaisomaje? Ni mgeni kafika usiku, ndani wote wanamjua, ila mlinzi wa getini hamjui na wa ndani wamelala.

NVMe toleo la kwanza ni la 2011, kwa hiyo mazabodi nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani hazijafundishwa. Ilipofika 2014, na zile bodi za Z97 na wenzake, ndo kubuti kwa NVMe kukaanza kuwa kitu cha kawaida. Ya kwako iko upande wa pili wa mto.

Ungekuwa mtu wa Linux ningekwambia weka patisheni ya /boot kwenye kadiski kadogo ka SATA au hata flashi, vingine vyote vikae kwenye NVMe, maana keneli ikishaamka inaijua NVMe tangu toleo la 3.3 la 2012. Kwa Windows hiyo njia haiendi, bootmgr, kile kipande cha Windows kinachoanza kubuti, chenyewe kinategemea fimuwea ikisomee diski. Wapo wanaochukua faili la UEFI la mazabodi wanalipachika moduli ya NVMe halafu wanaliflashi, inawezekana na watu wanabuti, ila kwa mtu mwenye kompyuta moja na kazi ya watu mezani mi simshauri. Iuze hiyo NVMe au mpe mwenye leptopu mpya, wewe nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, utaishi kwa amani.

Na wengine mnaosoma, M.2, ile sloti ya SSD nyembamba zisizo na waya, ni umbo tu jamani. Kuna M.2 inayoongea SATA na kuna M.2 inayoongea NVMe, zinafanana kama mapacha. Soma stika kabla hujatoa hela.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mbeya. Anko alinipa ThinkPad X220 yake nikaiwekea coreboot na SeaBIOS, ikawa inafanya kazi. Baadae nikaona SeaBIOS ina madude mengi sitayatumia, nikaingia make menuconfig nikaanza kupunguza, nikatoa SCSI, nikatoa flopi, nikatoa na vingine ambavyo sivijui. Kabla sijaflashi nikajaribu kwanza kwenye QEMU kwa -hda diski.img, ikabuti safi, nikashangilia peke yangu. Nikaflashi. Sasa X220 inawaka, SeaBIOS inatokea, halafu "No bootable device." Diski nikiihamishia mashine nyingine inabuti. Anko hajajua bado na Jumapili anakuja kuichukua. — Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, mashine haijafa. Kwa wasomaji wengine, coreboot ni fimuwea ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, ikishaamsha bodi inaikabidhi SeaBIOS, ambayo ndo BIOS inayotafuta diski ya kubuti, na QEMU ni programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta. Kama SeaBIOS inatokea kwenye skrini maana yake chipu imeandikika vizuri na coreboot imefanya kazi yake yote, kilichokosekana ni kitu kimoja kidogo. Fungua faili la .config kwenye folda la SeaBIOS utafute AHCI. Nakuwekea sahani ya ubwabwa kwamba utakuta hivi:

`# CONFIG_AHCI is not set`

Hicho ndo moja ya "vingine usivyovijua". Kontrola ya SATA ya X220 chini ya coreboot inafanya kazi kwa AHCI, njia ya kisasa ya kuongea na diski za SATA, na SeaBIOS bila hilo chaguo inaipita kontrola hiyo kama vile haipo.

Sasa swali zuri zaidi, ambalo hukuliuliza, mbona QEMU ilibuti? Hapa ndo pameliza wengi. Ukiandika qemu-system-x86_64 bila kutaja mashine, inakupa mashine inayoitwa pc, ambayo inaigiza bodi ya Intel ya miaka ya tisini, ile 440FX, na -hda kwenye hiyo bodi inachomekwa kwenye kontrola ya IDE ya zamani, PIIX. Kwa hiyo iliyofanya kazi ni draiva ya CONFIG_ATA ambayo hukuizima. AHCI haikuguswa hata kidogo. Ulijaribu baiskeli ya jirani ukasema ya kwako haina pancha.

Fanya hivi. Tafuta mashine inayofanana na yako, kwenye QEMU inaitwa q35, hiyo ina kontrola ya ICH9 ya AHCI ndani yake. Na diski usiichomeke kwa -hda, itaje mwenyewe ujue imekaa wapi:

`qemu-system-x86_64 -M q35 -nic none -bios out/bios.bin -drive file=diski.img,format=raw,if=none,id=d1 -device ide-hd,drive=d1,bus=ide.0 -chardev stdio,id=logi -device isa-debugcon,iobase=0x402,chardev=logi`

Ndefu najua, iweke kwenye kafaili ka shell usiiandike kila siku. Mwisho kule, vile vipande viwili vya chardev na isa-debugcon, ndo utamu wote uko hapo, SeaBIOS inatapika logi yake kwenye poti ya 0x402 na wewe unaisoma kwenye terminali wakati mashine inawaka. -nic none ni kuizuia isianze kuhangaika kubuti kwa mtandao ikakujazia skrini.

Na usikimbilie kuwasha AHCI. Iendeshe kwanza hivyo hivyo ilivyo, na bios.bin iliyojengwa kwa .config ile ile mbovu. Inatakiwa ifeli. Ikifeli kwa maneno yale yale ya X220, "No bootable device.", basi umeleta ugonjwa mezani kwako na unaweza kuutibu hapo bila kufungua leptopu ya mtu. Isipofeli, ujue bado unajaribu kitu kingine. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu nani anataka kuona kitu kinafeli, lakini mi siku hizi nikiona jaribio limepita mara ya kwanza nashtuka.

Ikishafeli ndo uende make menuconfig, kwenye menyu ya Hardware support, tia tiki AHCI, make tena, endesha. Kwenye logi utaona mstari unaoanza na "AHCI controller at" na namba ya mahali ilipokaa kwenye PCI, chini yake jina la diski, QEMU HARDDISK, na ukubwa wake. Ukiona huo mstari fimuwea imeshaiona diski, kazi iliyobaki ni ya diski yenyewe kuwa na cha kubuti.

Kuna mtego mwingine uliowahi kunila masaa mawili. Ukisahau -bios QEMU hailalamiki, inachukua SeaBIOS yake iliyokuja nayo na kila kitu kinapendeza. Unakuwa unajaribu kazi ya watu wengine na kujipongeza wewe. Dawa yake rahisi, ukikompaili andika:

`make EXTRAVERSION=-mbeya`

Halafu mstari wa kwanza kabisa wa logi, ule wa "SeaBIOS (version", uwe na neno mbeya. Halipo? Simama hapo hapo, usiendelee.

Tukirudi kwa anko. Kama kwenye kupunguza kwako hukuigusa CONFIG_USB_MSC, hiyo X220 bado inabuti kwa flashi ya USB. Chukua Linux laivu, kwenye mstari wa kubuti ongeza iomem=relaxed, jenga coreboot upya ikiwa na SeaBIOS iliyopona, halafu kutoka ndani ya Linux hiyo hiyo:

`flashrom -p internal --ifd -i bios --noverify-all -w coreboot.rom`

Inaandika sehemu ya BIOS tu, zile sehemu nyingine za chipu haizigusi. Huna haja ya bisibisi. Ila kama na USB uliitoa basi hapo unarudi kwenye klipu ya kubana chipu na kuiandika kutoka nje, soma jibu la mwisho kabisa huku chini.

Na siku nyingine usipunguze kwa ajili ya kupunguza. Chipu ya X220 ni MB 8, SeaBIOS nzima ikiwa na kila draiva ni KB mia mbili na ushee hivi, unabana nini? Kubana kuna maana kwenye zile BIOS za KB 128 za mashine za zamani za QEMU, hizo kweli wamezima NVMe na vitu vingine kadhaa ili zitoshe.

SWALI: Sasa fundi, niko Thika. Nimesoma ulichoandika toleo lililopita kuhusu kutengeneza boot sector kidogo ya kutest BIOS badala ya kuinstall OS mzima. Nimeandika yangu ya kuprint herufi moja, nikaiweka kwa disk image ya 64 MB na dd. Mara ya kwanza ilikubali. Nikajaribu kuandika kitu ingine sekta ya mbele, inasema error ya kusoma. Kuangalia ile image, sasa iko na bytes 512 peke yake! Hiyo 64 MB ilienda wapi? — Msomaji, Thika

JIBU: Imeliwa na dd, pole bro. Ukiandika ndani ya faili bila kumwambia asikate, dd anafungua faili, analikata, anaandika zako 512, anafunga, kwaheri. Inatakiwa hivi:

`dd if=buti.bin of=diski.img conv=notrunc`

Kwa ambao hawana toleo lililopita, mchezo wenyewe ni huu. BIOS za aina hii zinafanya kitu kile kile, zinasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, zinaimwaga kwenye anuani 0x7C00 ya RAM, zinaangalia kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, zikiwa ndo zenyewe zinaruka pale zinaanza kuendesha. Kwa hiyo kujua kama draiva ya diski inafanya kazi huhitaji Windows wala Ubuntu, unahitaji baiti 512 tu:

```
bits 16
org 0x7c00
    mov ah, 0x0e
    mov al, 'S'
    int 0x10
ganda:
    hlt
    jmp ganda
times 510-($-$$) db 0
dw 0xaa55
```

`nasm -f bin buti.asm -o buti.bin`, unaipachika kwenye image kwa ile dd ya juu, unawasha QEMU. Ikitokea S baada ya "Booting from Hard Disk..." basi safari nzima imekamilika, kontrola imeonekana, diski imejibu, sekta imesomwa, imefika kwenye RAM mahali pake. Ikitokea "Boot failed: not a bootable disk" diski imesomwa lakini ile 55 AA haipo, kosa ni lako sio la fimuwea. Na "No bootable device." ikija peke yake bila hata kutaja Hard Disk, hapo ndo fimuwea haijaona diski kabisa. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku halafu wanaanza kukompaili upya kitu ambacho ni kizima.

Alafu huyu mtu wa Thika ameniandikia pia kwamba QEMU inampigia kelele ndefu kuhusu "raw". Hiyo kelele isikilize. Usipotaja format=raw, QEMU inakisia, na ikikisia inakuwekea mipaka ya kuandika kwenye bloku ya sifuri ukiwa ndani ya ile mashine, kwa usalama. Na bloku ya sifuri ndo sekta yako ya kubuti! Kwa hiyo ukikataliwa kuandika pale utaanza kulaumu draiva yako ya AHCI. Taja format=raw yaishe.

La mwisho kwake, of= ni diski.img, siyo /dev/sda. Nimeandika hivyo kwa kuwa najua watu.

SWALI: Fundi, kuna njia ya kujua kama BIOS yangu itaiona diski ya TB 4 bila kuinunua kwanza? Hela ya majaribio sina. — Msomaji, Tanga

JIBU: Ipo na ni bure:

`qemu-img create -f qcow2 kubwa.qcow2 4T`

Unapata diski ya TB 4 kwenye faili lisilofika hata MB 1, linakua kadiri unavyoandika. Ichomeke kwa format=qcow2 uangalie logi inasema ukubwa gani. SeaBIOS haina shida na ukubwa huo. Anayekwama ni jedwali la patisheni la MBR, linahesabu sekta kwa biti 32, mara baiti 512 unaishia TB 2 na kidogo, kinachobaki hukioni. Weka GPT, jedwali jipya lisilo na kikomo hicho. Ila hii inakujibu kuhusu SeaBIOS tu, kama mashine yako bado ina BIOS ya kiwandani QEMU haiwezi kukwambia chochote kuhusu hiyo.

SWALI: Habari kaka fundi. Mi nipo upande wa ARM, nakompaili U-Boot kwa qemu_arm64_defconfig. Nilizima baadhi ya vitu nikiwa najifunza. Nikiandika nvme scan inaniambia "Unknown command 'nvme' - try 'help'". Nikajaribu kuongeza diski ya NVMe kwenye QEMU nayo ikagoma kuwaka kabisa. Nianzie wapi? — Dada wa Dodoma

JIBU: Una matatizo mawili dada yangu na hayahusiani, ndo maana yanakuchanganya.

La kwanza, kwenye U-Boot, fimuwea ya kubuti ya bodi nyingi za ARM, draiva na komandi ni vitu viwili tofauti. CONFIG_NVME_PCI ndo draiva, CONFIG_CMD_NVME ndo ile komandi ya kuandika kwa mkono. Unaweza kuwa na draiva bila komandi, U-Boot ikawa inabuti kwa NVMe vizuri tu na wewe ukiandika nvme inakukana. Washa zote mbili, na PCI iwe imewashwa pia, maana NVMe inakaa juu ya PCI.

La pili, QEMU inagoma kwa sababu diski ya NVMe lazima iwe na siriali. Namba yoyote, hata jina la paka:

`qemu-system-aarch64 -machine virt -cpu cortex-a57 -nographic -bios u-boot.bin -drive if=none,file=diski.img,format=raw,id=d1 -device nvme,drive=d1,serial=paka`

Ikifika kwenye alama ya => andika pci enum, halafu nvme scan, halafu nvme info. Hiyo pci enum kwenye matoleo mapya mara nyingi haihitajiki lakini haidhuru kitu. Ukitaka kutoka kwenye -nographic ni Ctrl-A, unaachia, halafu x. Nakwambia hili kwa sababu kuna watu wanazima kompyuta nzima ili watoke.

SWALI: Fundi mimi nimefanya yote. Nimeweka coreboot kwenye bodi ya kuigiza, SeaBIOS inaona AHCI, inaona USB, herufi inatokea, sina kosa hata moja. Nikiflashi kwenye mashine ya kweli, HDD inaonekana siku nyingine na siku nyingine haionekani, na flashi yangu moja ya USB haionekani kabisa. QEMU imenidanganya? — Msomaji, Unguja

JIBU: Haijakudanganya, umeiuliza kitu isichokijua. QEMU inaijaribu kodi yako. Diski ya QEMU ni faili, ukiigonga inajibu hapo hapo, haina mota ya kuzunguka, haina waya uliolegea, haina pawasaplai iliyochoka. HDD ya kweli ikipata umeme inahitaji sekunde kadhaa izunguke mpaka ifike mwendo wake, na SeaBIOS kusubiri inasubiri, mpaka sekunde 32 kwa ombi moja, lakini kuna hatua kabla ya hapo, ile ya kuona kama kuna mtu upande wa pili wa waya, ambayo subira yake ni fupi sana. Inayoonekana leo na kesho haipo, mi ningeanza na waya wa SATA na umeme kabla sijagusa kodi. Badilisha waya, ni kitu cha dakika moja.

Pia ingia uangalie kontrola imewekwa kwenye hali gani. Kuna mazabodi zinatoka zikiwa kwenye RAID hata kama diski ni moja tu. Kwenye PCI kontrola ya AHCI inajitambulisha kwa kodi 0106 na ya RAID inajitambulisha 0104, na SeaBIOS inatafuta ile ya kwanza peke yake. lspci -nn itakuonyesha namba hizo kwenye mabano. Kwako sidhani kama ndo tatizo maana kuna siku inaonekana, ila nalisema kwa ajili ya wengine.

Flashi ya USB ni kesi nyingine. Sheria ya USB 2 inataka kifaa kijitangaze ndani ya milisekunde 100 tangu poti ipate umeme, na kuna flashi za bei poa ambazo hazijui sheria. Kwa SeaBIOS iliyo ndani ya coreboot unaweza kuiongezea subira bila kukompaili:

`cbfstool coreboot.rom add-int -i 1000 -n etc/usb-time-sigatt`

Hiyo ni sekunde nzima. Kubuti kutachelewa kidogo, ndo gharama yake.

Sasa kwa kuwa utaflashi tena, na yule mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuwa anasoma hapa, neno kuhusu klipu. Zile programa za CH341A (vifaa vya USB vya kuandikia chipu) za rangi nyeusi zinazouzwa kila kona, nyingi zinatoa volti 5 kwenye pini za data wakati chipu inataka 3.3. Watu wengi wameflashi hivyo na chipu haijafa, na wengine imewafia, pima na mita au tafuta iliyorekebishwa. Toa betri na chaja kabla hujaibana klipu. Halafu kabla ya kuandika soma, mara mbili:

`flashrom -p ch341a_spi -r moja.bin`
`flashrom -p ch341a_spi -r mbili.bin`
`sha256sum moja.bin mbili.bin`

Zile namba mbili ndefu zikitofautiana hata herufi moja, klipu haijakaa. Itoe, futa miguu ya chipu kwa spiriti, ibane tena, soma upya. Mi iliwahi kunichukua mara sita kwenye mashine moja, mara ya saba zikafanana, nikanakili moja.bin kwenye flashi mbili tofauti na moja nikaificha kabatini kwa mke wangu ambako najua hakuna wa kuifomati.